Bati Lisilo na Fremu

Pengo lilikuwa kati ya picha ya thelathini na ya thelathini na mbili. Misumari miwili ilikuwa bado imetokeza ukutani, imeachana kama upana wa mabega ya mtu. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu kuliko Mkurugenzi wa makumbusho alivyopenda.

"Namba thelathini na moja iko kwenye dawa," Mkurugenzi alisema. "Imeingiwa na wadudu. Mambo ya kawaida."

"Wadudu gani?"

"Wadudu wa mbao, Inspekta. Wanakula fremu, wanakula kila kitu."

Inspekta, kazini walimwita Mama Tena, kwa sababu hakuna jibu aliloridhika nalo mara ya kwanza. Lakini hakuja kwa ajili ya picha. Alikuja kwa ajili ya mwanamke mmoja, fundi wa kusafisha picha wa makumbusho haya, aliyeingia kazini jana asubuhi na kuandikwa kwenye daftari la getini, na hakuna mtu aliyemwona tena tangu saa tisa alasiri. Dada yake alifika kituoni alfajiri na mapema. Sasa dada huyo, mshonaji wa nguo aliyekuwa bado na sindano mbili zimechomekwa kifuani, alikaa kwenye benchi katikati ya ukumbi, mikono katikati ya magoti, akiangalia kila mlango uliofunguka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa unasubiri ufunguzi wa kesho. Ulipangwa hivi: kushoto ukurasa wa riwaya, umekuzwa mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole, kulia picha iliyochorwa miaka ile ile riwaya ilipoandikwa. Riwaya hiyo kila aliyepita darasani anaijua. Ni ile ya kinu cha pamba kilichoungua na watu arobaini na sita ndani. Kinu kilikuwepo kweli na kiliungua kweli, na tume ikakaa, ikanywa chai, ikatoka na majibu kwamba wafanyakazi walijifungia wenyewe kwa ndani ili walale zamu. Riwaya ikasema mlango ulifungwa kwa nje, kwa mnyororo, na mtu mwenye kofia nyeupe. Wakubwa wakacheka. Riwaya ni riwaya, wakasema. Tangu hapo, miaka sitini sasa, watoto wanafundishwa kuandika kwenye mtihani kwamba mnyororo ule ni ishara. Watu arobaini na sita wanaungua, mtoto anaambiwa ni ishara, anapewa alama tano. Na ukoo wenye kinu, baada ya kulipwa na bima, ukajenga makumbusho haya haya, ukaweka sanamu ya babu yao mlangoni, na mjukuu wao ndiye mfadhili wa maonyesho.

"Tumrudie Fundi," Inspekta alisema. "Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Hapa hapa. Tuligombana kidogo, nikubali. Mambo ya kazi. Akavua aproni, akaitupa, akatokea mlango wa mizigo." Mkurugenzi alikuwa mtu wa suti iliyomkaa vizuri na sauti laini, ila leo kola yake ilikuwa imelowa. "Kulikuwa na gari jeupe linamsubiri. Akakaa mbele, wakaondoka. Mlinzi aliona. Muulizeni."

"Wewe uliona?"

"Kwa mbali."

"Na hii picha mmeipeleka kwenye dawa saa ngapi?"

Mkurugenzi alitoa karatasi kwenye faili kwa haraka ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Ilikuwa fomu ya chumba cha dawa, kile cha chini kinachojazwa gesi ya kuua wadudu. Inspekta aliisoma mstari kwa mstari. Kifaa: picha namba 31. Sababu: wadudu wa mbao. Chumba kimekaguliwa, hakuna mtu ndani. Kimefungwa saa tisa na nusu alasiri. Chini palikuwa na saini mbili, ya Mkurugenzi na ya mlinzi wa zamu. Dawa kuingizwa leo, saa sita kamili mchana. Chumba kisifunguliwe kwa siku tatu.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika tano.

"Nitahitaji kuona chumba anachofanyia kazi," alisema.

* * *

Karakana ya Fundi ilikuwa ghorofa ya kwanza, chumba kimoja chenye dirisha kubwa na harufu ya spiriti. Meza ilikuwa safi: pamba, vijiti, brashi nyembamba, miwani ya kukuza. Katikati ya meza palikuwa na alama ya mstatili ambapo kitu kizito kilikuwa kimelazwa kwa wiki kadhaa. Aproni haikuwepo. Inspekta alitazama nyuma ya mlango, akatazama ndani ya pipa la taka, akapiga magoti kutazama chini ya meza.

"Dada, njoo uone hivi."

Mshonaji aliinama. Chini ya meza palikuwa na viatu vyeusi vya kamba, vimepangwa pamoja, soksi zimekunjwa ndani.

"Ni vyake," alisema, na mkono ukaenda mdomoni. "Nilimnunulia mimi."

"Alikuwa na vingine?"

"Humu ndani haingii na viatu vya njiani. Ana ndala zake za kitambaa. Anasema chembe moja ya mchanga ikidondoka kwenye picha na pamba ikapita juu yake, umekwisha, umeikwaruza mpaka kiama. Hata mimi nikija ananivulisha. Nikamwambia, mwenzangu, hapa ni kazini kwako au kwa mkweo?"

"Kwa hiyo ametoka na ndala."

"Hatoki na ndala, afande. Hata dukani. Anaogopa zitachafuka."

Inspekta aliinuka na kukung'uta magoti. "Juzi usiku mlizungumza?"

"Alinipigia. Mtu mwenyewe akianza kuongea hanyamazi, nyumbani tunamwita Chiriku. Lakini juzi alikuwa anaongea polepole. Akaniambia, dada, nimesafisha ile picha, chini ya rangi nyeusi ametokea mtu. Nikamwambia mtu gani. Akasema mtu wa kofia nyeupe, amesimama nje ya mlango wa kinu, mnyororo mkononi, kufuli tayari. Akasema, sura yake ndiyo ile ya sanamu ya mlangoni kwetu, mpaka kovu la kidevuni." "Mchoraji alikuwa mwandika vibao wa kinu kile kile. Aliona. Halafu mtu akaja akapaka nyeusi juu."

"Alimwambia nani mwingine?"

"Alisema kesho yake anamwambia bosi. Alifurahi, afande. Alidhani bosi atafurahi."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyo. Picha iliyotundikwa karibu na ukurasa unaosema vile vile si picha tena, ni shahidi. Na kesho asubuhi mjukuu wa mwenye kofia alikuwa akate utepe mbele ya kamera.

"Simu yake?"

"Tangu jana saa tisa na nusu haipatikani. Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu."

* * *

Mlinzi alikuwa mzee mrefu mwembamba, wenzake wakimwita Zamu kwa sababu miaka ishirini na nane hakukosa hata moja. Inspekta alimkalisha ukumbini, mgongo kwa mlango, ili asimwone Mkurugenzi aliyekuwa akirandaranda nje huku simu iko sikioni.

"Mzee wangu, nieleze hilo gari."

"Lilikuwa jeupe."

"Fundi alikaa wapi?"

"Nyuma."

"Mkurugenzi anasema mbele."

Mzee alitazama sakafu. "Basi mbele."

"Rudia tena. Ulimwona kwa macho yako akikaa mbele?"

"Nilimwona akipanda."

"Miguuni alivaa nini?"

"Viatu vyake. Vile vyeusi vya kamba, anavyokuja navyo kila siku."

Kwenye benchi, mshonaji aliinuka taratibu na viatu vyeusi mkononi, akaviweka chini mbele ya mlinzi, bila neno, kama anayemletea mgeni viatu vyake.

Jasho jembamba likachomoza juu ya mdomo wa mzee.

"Sikumwona," alisema. "Nilikuwa nimekwenda chooni, tumbo. Niliporudi nikamkuta bosi langoni, ameshaona sipo. Akasema Fundi ameondoka na gari jeupe na hakuna aliyeandika kwenye daftari, kwa hiyo kosa ni langu. Akasema, mzee umebakiza miezi minne ustaafu, sitaki kukuharibia. Sema ulimwona, yaishe. Nikaona ni jambo dogo. Mtu mzima ameondoka na gari, kuna nini hapo?"

"Na fomu ya chumba cha dawa?"

"Bosi alikuwa ameshasaini."

"Sikuuliza kuhusu bosi."

"Mama, bosi akishasaini, wewe unakagua nini tena?" Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka kabisa. "Chumba kilikuwa kimeshafungwa na utepe umeshabandikwa. Nikimwambia nifungulie nihakiki, ni kumwambia yeye mwongo. Kila mwezi tunafanya hivyo. Anasaini yeye, nasaini mimi."

Inspekta aligeuka ukutani. Hakujua anatafuta nini. Macho yalitaka tu mahali pa kutua. Yalitua kwenye misumari miwili, kisha kwenye kadi ndogo ya maelezo iliyobaki pembeni ya pengo. Ilikuwa na mistari mitatu. Mchoraji: hajulikani, mwandika vibao vya kinu. Jina: Mlango wa Mashariki. Na mstari wa tatu, kwa herufi ndogo kuliko zote: rangi ya mafuta juu ya bati, limetobolewa matundu mawili, halina fremu.

Aliusoma mara mbili.

"Mzee, picha hii ina mbao popote?"

"Hii? Haina hata kijiti. Ni bati la paa, mama. Mimi ndiye nililibeba, lilinikata kidole. Linatundikwa kwa matundu yake yale, misumari miwili basi."

"Wadudu wa mbao wangekula nini?"

Mkurugenzi alikuwa na shahada tatu na alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu picha za miaka ile. Hakuwahi kubeba hata moja. Kwake picha ni kitambaa kwenye mbao, na alipotafuta sababu ya kufunga chumba, alichukua ile iliyoandikwa kwenye fomu za kila mwezi. Mfagizi angemcheka. Lakini hakuna mfagizi aliyeonyeshwa fomu.

Bati halikuhitaji dawa. Basi nani alihitaji chumba kisichofunguliwa siku tatu, kilichofungwa nusu saa baada ya mwanamke kuonekana mara ya mwisho, mwanamke ambaye hakutoka nje kwa sababu viatu vyake viko hapa?

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili, na saa za ukutani za ofisi za watu hazijawahi kwenda sawa.

"Chumba kiko wapi?"

Mzee alikuwa ameshaanza kukimbia.

* * *

Ngazi za chini zilikuwa za saruji, na taa zilikuwa moja moja. Inspekta alisikia viatu vyake, viatu vya mzee, na nyuma yao mshonaji akitaja jina la mdogo wake chini chini kila anapokanyaga ngazi. Mwisho wa korido palikuwa na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya njano, kingo zote zimezibwa kwa utepe mpana. Juu yake kulikuwa na picha ya fuvu. Mbele yake mtu wa dawa, wa kampuni ya kukodiwa, alikuwa ameinama kwenye mtungi, kinyago usoni, mkono kwenye koki.

"Funga!" Inspekta alipaza sauti.

Mtu wa dawa hakusikia. Kinyago kilifunika masikio. Inspekta alimfikia, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili. Mtu yule aliruka kwa woga, akavuta kinyago chini.

"Mama, una wazimu? Toka hapa, hii inaua."

"Umeshafungua?"

"Sasa hivi. Dakika haijafika."

"Funga. Kuna mtu ndani."

Alifunga koki kwanza, kwa mazoea ya mkono, ndipo akabisha. "Hakuna mtu. Karatasi inasema hakuna mtu, imesainiwa na watu wawili. Nikifungua chumba ambacho dawa imeingia, leseni yangu imekwenda. Na ninyi wote mnaweza kwenda nayo."

"Inspekta." Mkurugenzi alikuwa nyuma yao, anahema. "Huyu mtaalamu anajua kazi yake. Tafadhali. Humo ndani kuna vitu vya thamani, hewa ikiingia vibaya tutaharibu."

Inspekta alibandika sikio mlangoni. Chuma kilikuwa baridi. Alisikia damu yake mwenyewe, basi. Aligonga mara tatu kwa kitako cha tochi, akasubiri. Hakuna kilichojibu. Akagonga tena. Kama amekosea, alikuwa anakaribia kuwamwagia sumu watu wanne kwenye korido isiyo na dirisha. Kama hajakosea, kila pumzi aliyovuta hapa, kuna mtu anavuta yake upande wa pili, na yake ina sumu.

Mtu wa dawa alitazama mmoja mmoja. "Nani kati yenu alikagua? Aseme mimi nilikagua, nipumzike."

Mkurugenzi alisema, "Nilikagua mimi."

"Wa pili?"

Mzee Zamu alikuwa ameshika ukuta.

"Wa pili ni mimi," alisema. "Sikukagua. Niliandika uwongo. Fungua, mwanangu. Kama nimekosea niueni mimi, lakini fungua."

Mtu wa dawa alibonyeza swichi ya feni ya kutolea hewa, ikaanza kunguruma juu ya dari, akaanza kuchana utepe kwa kucha. Mshonaji aliingia kumsaidia kwa mkasi wake. "Vitambaa puani, wote rudini kwenye ngazi," mtu wa dawa alisema, akavaa kinyago. "Dakika tano feni ifanye kazi. Sitafungua kabla."

Walirudi kwenye ngazi. Dakika tano za namna ile hazina kipimo. Mshonaji alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa na kuanza kuita, sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu jikoni: "Chiriku. Chiriku, mimi hapa. Ongea basi, leo ongea mpaka tuchoke." Inspekta alimwekea mkono begani.

Mkurugenzi alianza kupanda. Inspekta akanyoosha mguu kukata njia. "Kaa."

Mlango ulifunguka kwa mlio wa mpira unaobanduka. Mtu wa dawa aliingia. Walisikia kitu kinaburutwa, kisha akatoka kinyumenyume, amemkumbatia mtu kwa kwapa, ndala ya kitambaa mguu mmoja, mguu wa pili mtupu.

Alikuwa anakohoa. Kile kikohozi kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote ambavyo Inspekta alisikia mwaka ule.

Walimpandisha mpaka kwenye korido ya juu, penye madirisha, wakamlaza chini, kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Aproni alikuwa amejifunga usoni. Macho yalikuwa mekundu, kucha za mikono yote zimevunjika. Mtu wa dawa alimhesabia pumzi, akamwinua kichwa, akasema, huku mwenyewe akilia bila kujua, kwamba dawa ilikuwa ndogo, gari la wagonjwa liitwe, atapona.

"Unaweza kuzungumza?" Inspekta alimuuliza.

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Sauti ilitoka kama karatasi. "Jana aliniambia nirudishe ile rangi nyeusi. Nikakataa. Akasema basi, twende tukalihifadhi bati chini mpaka tuzungumze. Nikaingia na bati. Mlango ukaja nyuma yangu."

"Mlango ule ni mzito," Mkurugenzi alisema. Alikuwa amesimama kati ya askari wawili waliokuwa wamefika, ametulia tena, sauti yake laini imerudi. "Una mpira, unajifunga wenyewe. Mimi nilipoondoka nilidhani ameshatoka. Nimeshtuka kama mlivyoshtuka. Nakubali kosa la uzembe, nakubali kabisa. Lakini ajali ni ajali, Inspekta. Hakuna mahakama itakayosema vingine."

Na Inspekta alijua kwamba huenda ni kweli. Mlango haushuhudii. Ajali zao huwa hivyo, zimekwisha kuandikwa kabla hujafika, zina mihuri, zina saini ya mlinzi mzee wa kulaumiwa. Akitokea wakili mzuri, baada ya miezi sita jambo lote linaitwa uzembe, na mzee Zamu ndiye anayelala ndani.

"Leo asubuhi alikuja," Fundi alisema.

Inspekta alitoa kalamu.

"Nilisikia mtu kwenye korido. Nikagonga kwa bati, nikagonga na kugonga, nikaita. Zile hatua zikasimama mlangoni. Nikasema, bosi, ni mimi, nisamehe, nitaipaka, nitaipaka yote nyeusi, nifungulie." Alivuta pumzi, dada yake akamfuta midomo. "Akakohoa kidogo, vile anavyokohoa kabla ya kuhutubia. Halafu kimya. Nikaogopa nikiongea tena ataondoka. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo."

"Sikuwa huko," Mkurugenzi alisema. "Amechanganyikiwa, mwoneni."

Fundi hakumtazama. Alimtazama Inspekta tu, kwa macho yale mekundu, kama anayetaka jambo hilo liandikwe sawasawa.

"Nilifika arobaini na moja," alisema. "Ndipo akaondoka."